Kwa Nini Mdogo Wako Anakukatia Simu

Nyumba ya Fundi Redio,
Nyuma ya Ghala la Saruji.
Jumatatu, katikati ya masika.

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Kabla ya yote naliulizia goti lako. Limetulia, au bado linatabiri mvua? Kama kweli linatabiri, basi ungekuwa huku lisingekupa hata nafasi ya kukaa. Namuulizia pia Baba Mkubwa na kifua chake, na mapacha na mitihani yao. Naomba barua hii iwakute mkiwa wazima na mkiwa wakavu, maana huku ukavu tumeusahau.

Sisi ni wazima, ila tumechoka. Viatu vyangu havijakauka tangu mvua zianze. Naviweka karibu na jiko, na asubuhi navivaa vikiwa vya moto na bado vimelowa, jambo ambalo sikujua linawezekana. Mkate unaota ndevu kabla hatujaufikisha katikati. Nguo nikizianua zinakuwa zimelowa kuliko nilivyozianika.

Kazini ni yaleyale. Ofisi ya maji wakati wa mvua ni mahali pa ajabu: mabomba yamepasuka, kwa hiyo watu wanakuja kulalamika kwamba hawana maji, nao wenyewe wanachuruzika maji sakafuni. Mimi niko masjala, ambako paa linavuja, na kazi yangu siku hizi ni kuyaning'iniza majalada kwenye kamba yakauke. Juzi mkuu wa masjala alisimama mlangoni akaniuliza, "Karani, hii ni ofisi au kwa dobi?" Nikajibu, "Ofisi, mzee." Kisha nikashinda siku nzima nikijiuliza kama alitaka jibu. Unanijua. Hukuniita Kiroho-Juu bure.

Barua yako niliipata Ijumaa. Nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Umesema ukimpigia Mjomba anasema, "Halo, halo, mtandao mbaya," kisha anakata. Lakini Baba Mkubwa akiishika simu ileile, palepale sebuleni kwenu, wanaongea na kuchekeana mpaka salio linakwisha. Umesema kama mdogo wako amekuchoka, bora aseme. Umesema mvua zikikatika huji kama ulivyoahidi, na hutauliza habari zake tena. Pale niliweka barua chini nikaenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji.

Hajakuchoka, Mama Mkubwa. Nalisema hili mapema usije ukaikunja barua kwa hasira kabla hujafika mwisho. Mengine naomba uniruhusu niyaeleze kwa utaratibu. Nisipofuata utaratibu naogopa, na nikiogopa naharibu.

Mdogo wako na ndege wake unawajua. Kila Jumapili tunapanda vilimani. Watu wenye akili huenda kutazama ndege kiangazi, yeye anasema kiangazi ni cha wavivu. Mvua ndipo ndege wanapojenga, na anayejenga ndiye anayeimba. Tangu mkewe afariki mimi ndiye ninayebeba chupa ya chai. Siwezi kukudanganya kwamba napenda. Jumapili ndiyo siku yangu pekee ya kulala, nami naimaliza kwenye utelezi, nikibandua ruba miguuni, nikiogopa mteremko wa kulia na mteremko wa kushoto kwa zamu.

Hatuendi peke yetu. Yupo Muuguzi Mstaafu, mama mwenye sauti ya kusimamisha malori. Yupo na fundi cherehani mmoja mrefu, mwembamba, wanamwita Sindano, ambaye ukimsikia kabla hujamwona utadhani anakuja mtu mnene, kwa jinsi sauti yake ilivyo nzito. Hao ndio wenzetu wa siku zote. Wengine huja mara moja, wakaona ruba, wakapata udhuru.

Kule juu wakati wa masika hakuna kinachoonekana. Tunasema tunatazama ndege, kumbe tunatazama ukungu. Kwa hiyo Mjomba aliweka sheria zamani, kabla sijaja: ukishafika mgongoni mwa kilima, hakuna kusema neno. Anayesikia ndege ananyoosha kiganja kuelekea sauti inakotoka. Mwingine akisikia, naye ananyoosha chake. Viganja vikikubaliana, Mjomba anatikisa kichwa na kutaja jina la ndege kwa mnong'ono. Tunakingoja kile kichwa kama watu wanaongoja hukumu. Anajua yupi yuko kichaka gani, na wa mwaka jana kama amerudi.

Jana tulisimama kwenye kichaka ambacho chiriku walikuwa wamekivamia. Walikuwa wengi na karibu mno, wanapiga soga kwa sauti zao nyembamba kama watu waliopeana miadi sokoni. Muuguzi akanyoosha kiganja, Sindano akanyoosha, na mimi pia. Mjomba alikuwa amegeukia upande mwingine kabisa. Akageuza macho, akatazama viganja vyetu kimoja kimoja, kisha akanyoosha chake, akatikisa kichwa na kunong'ona, "Chiriku." Nikaona, ila sikuelewa. Nikadhani amechoka kama mimi.

Tulipoendelea, dudumizi akaanza kulia chini bondeni, ule mlio wake mzito unaobubujika kama maji yanayotoka kwenye mtungi. Alikuwa mbali, mimi sikuwa na hakika hata kidogo. Mjomba alinyoosha kiganja kabla ya mtu yeyote. Uso wake ulifunguka, Mama Mkubwa. Nilijiuliza kwa nini mtu aliyezoea ndege wote afurahie dudumizi kiasi kile.

Wakati wa kushuka mimi nilikuwa wa mwisho, kwa sababu naogopa kuwa na mtu nyuma yangu. Nikakanyaga jiwe, likang'oka. Mjomba alikuwa chini yangu kwenye njia, mgongo wake kwangu. Nilipiga kelele, "Mjomba, jiwe!" Muuguzi naye akapiga kelele, "Fundi, toka hapo!" Mjomba anatembea tu, mikono nyuma, kama bwana harusi. Ndipo Sindano akanguruma, mara moja tu, "Fundi!" Mjomba akaruka pembeni kama kijana. Jiwe likapita pale ulipokuwa mguu wake, likaendelea na safari zake bondeni.

Mimi nilikaa chini kwenye tope. Wenzangu wakacheka, unajua mtu akinusurika watu hucheka. Muuguzi akajishika kiuno akasema, "Huyu Fundi ana maringo! Wanawake wawili tunamlilia, haitiki. Anaitwa na mwanamume mmoja, mbio!"

"Nyinyi mnaniita kutwa nzima," Mjomba akasema, "nitajuaje lipi ni jiwe na lipi ni chai?"

"Marehemu alikuvumiliaje?"

"Alikuwa haongei kama wewe."

Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Lile neno la Muuguzi lilinikwama, kwamba wanawake wakiita haitiki. Nikaikumbuka barua yako. Nikakumbuka na kwamba kwa muda sasa wateja wanarudisha redio walizotengenezewa. Wanamwambia, "Fundi, zamani ilikuwa inaongea, sasa inanguruma kama lori." Yeye anawaambia masikio yao ndiyo mabovu. Kumbe kila redio inayopita mikononi mwake anaishusha sauti iwe nzito, na nyembamba anaiondoa, mpaka aisikie yeye.

Tulipofika nyumbani ilikuwa alasiri. Alikaa kwenye kibanda chake cha kazi akikausha miguu. Nilisimama mlangoni nikiwa na vikombe viwili vya chai mpaka vikaanza kupoa. Halafu nikaenda nikaketi mbele yake, ili auone mdomo wangu.

"Mjomba, nilikuita pale kwenye jiwe."

"Uliniita kwa sauti ya panya."

"Nilipiga kelele. Na Muuguzi alipiga kelele."

"Mbona Sindano nilimsikia?"

"Sindano ni mwanamume, Mjomba."

Akachukua bisibisi, akaitazama, akairudisha ilipokuwa. "Karani, kazi ya masjala imekuchosha, sasa umeingia upelelezi?"

Kidogo niache. Kilichoniokoa ni redio iliyokuwa mezani. Ilikuwa redio ya mteja, imerudishwa. Nikaiwasha, nikageuza ile swichi ya sauti kwenda upande wa nyembamba, kama mwenye redio anavyoitaka. Alikuwa mwanamke anasoma habari, kila neno limenyooka.

"Anasema nini, Mjomba?"

"Anasoma habari."

"Habari gani?"

Alitega sikio. Alitega muda mrefu, Mama Mkubwa, kama anavyofanya kule ukunguni, kichwa upande. Kisha akasema, "Zima." Nikazima. Mvua ilikuwa inapiga bati, na sijui kama hata hiyo aliisikia yote.

Alipoanza kusema hakunitazama. Alisema wa kwanza kumtoka walikuwa chiriku. Masika moja alipanda kilimani akakuta kimya, akadhani wamehama. Akaenda ofisi ya misitu kulalamika kwamba vichaka vimekatwa. "Bwana Misitu wa watu akaacha kazi zake, akanifuata mpaka juu kunionyesha vichaka vipo. Tumesimama, ananinyooshea kidole juu ya kichwa chake, 'Hao hapo mzee, si hao?' Na mimi namwambia, 'Umeona sasa? Kimya!'" Akacheka, nami nikacheka, kisha tukaacha wote kwa pamoja.

"Halafu dada," akasema.

Simu ya kwanza aliilaumu. Akaifungua, akaisafisha, hakuona ubovu. Akatafuta nyingine. "Shemeji akiongea namsikia mpaka anavyomeza mate. Dada akiishika, inakuwa kama mvua juu ya bati. Najua yupo. Najua anaongea, na huyu dada yangu akiongea anaongea. Sasa nikae naitikia 'ndiyo, ndiyo' kwa jambo nisilolijua? Nilifanya hivyo siku moja. Naitikia tu. Baadaye Shemeji akanipa habari: kumbe siku ile dada alikuwa ananiambia rafiki yake amefariki, yule aliyesoma naye. Na mimi nilimjibu, 'Vizuri sana.'"

Mama Mkubwa, jambo hili hukuliandika katika barua yako. Nadhani ndilo linalokuuma kuliko yote uliyoyaandika. Basi sasa unajua. Hakukusikia. Alikuwa anaitikia mvua. Tangu siku ile anaogopa, na ndiyo maana akisikia tu ni wewe anasema mtandao na kukata. Anaona afadhali umwite mjeuri kuliko akujibu vile tena.

Nilimwambia nitakuandikia. Alikataa. "Usimwambie. Atalia, na kilio chake sitakisikia. Sasa kitanifaa nini?" Nikamwambia hospitali wana vifaa vya kuvaa sikioni, Muuguzi aliwahi kusema. "Nimetengeneza redio maisha yangu yote," akasema, "leo na mimi nigeuzwe redio? Nani atanitengeneza?" Mwishoni alikubali tutakwenda kuuliza barabara ikipitika, lakini alikubali kwa namna ile ya kutaka nimpishe.

Kwa hiyo naandika bila ruhusa, na unajua mimi si mtu wa kufanya mambo bila ruhusa. Nimejificha nyuma ya majalada yanayoning'inia, ni saa ya chakula, na kila mlango ukilia nafunika karatasi kwa kiwiko. Ila leo asubuhi nilipokuwa natoka, Mjomba aliniuliza, bila kuinua macho kwenye kazi yake, "Posta wanafunga saa ngapi?" Nikamwambia. Akasema, "Nilikuwa nauliza tu." Katika miaka yote niliyokaa kwake hajawahi kutaka kujua habari za posta. Nimeamua kuichukua kama ruhusa. Kama nimekosea, lawama ni yangu.

Sasa ombi langu. Jana, baada ya chai kupoa kabisa, alianza kunisimulia mlivyokuwa wadogo. Alisema ulikuwa na midomo kama chiriku, lakini ulijua kumuiga Babu. Unasimama nyuma ya mlango, unaivuta sauti mpaka tumboni, unasema, "Wewe! Umeoga?" Alisema alikuwa anaoga mara mbili, na mara nyingine ni Babu mwenyewe aliyekuwa ametoka kumwogesha. Akaniigia, makopo ya misumari yakatetemeka mezani. Alikuwa na uso uleule wa dudumizi.

Nimelifikiria usiku, na leo nimelifikiria tena nikiwa na akili ya mchana, bado naona linawezekana. Dudumizi anamsikia. Sindano anamsikia. Baba Mkubwa anamsikia. Sauti ile ya Babu, kama bado unayo, atakusikia.

Mpigie Jumamosi alasiri. Nitakuwa nimetoka kazini, na simu nitaiweka mezani kwake, mbali na redio. Usimsalimu, usimuulize hali, maana ukianza na sauti yako atakata kabla hujamaliza. Akisema "Halo" tu, ivute ile sauti na umwamrishe akaoge. Baada ya hapo sema lolote unalotaka, polepole, kwa sauti hiyohiyo. Mwambie kuhusu rafiki yako tena, kama hutaona vibaya, ili safari hii akupe pole. Najua anayo. Ameibeba muda mrefu na hakujua pa kuiweka.

Siwezi kukuahidi kitu, Mama Mkubwa. Pengine kupitia simu haitafika. Pengine mvua itapiga bati siku hiyo na kutuharibia. Lakini nimechoka kuogopa kuliko nilivyochoka kupanda vilima, na Jumapili nitapanda tena, mbele yake safari hii, ili akitaka kujua kuna nini atazame mkono wangu. Kuja kwako mvua zikikatika usikufute bado. Ukiwa mbele yake atauona mdomo wako, na huo, anasema, hata kiziwi atauelewa.

Nisalimie Baba Mkubwa, umwambie asimpigie Mjomba Jumamosi, siku hiyo ni yako. Nisalimie mapacha, wasome. Nisalimie na binamu yangu mkubwa na mtoto wake mchanga, ambaye nimeambiwa analia kwa sauti nzito. Huyo Mjomba atampenda. Mama amekusalimu katika barua yake ya mwisho na anasema atakuandikia mwenyewe.

Mungu alitulize goti lako, awaweke wakavu nyote, na akurudishie sauti ya Babu kooni, nzima kama ulivyoiacha nyuma ya mlango.

Mwanao akupendaye,
Kiroho-Juu